Kumchinja Mbabe Hakumalizi Ugomvi: Dhana Potofu Kuhusu Kuku Wachanga Wanaopigana

Kuku chotara wengi wanaofugwa kwenye nyua za miji yetu, wawe Kuroiler au Sasso, hununuliwa wakiwa na umri wa takriban wiki 4, baada ya kumaliza kipindi cha kulelewa kwenye joto. Wiki mbili tatu baadaye simu yangu huanza kulia: vifaranga waliokuwa wakilala wamebanana kwa amani sasa wanasimamisha manyoya ya shingo, wanarukiana kifua kwa kifua na kudonoana vichwani. Hilo lenyewe halinichoshi, kwa kuwa ndio umri wake. Kati ya wiki ya 6 na ya 10 hivi kuku hupangana nani atampisha nani. Kinachonichosha ni tiba ambazo mfugaji huwa ameshafundishwa na jirani, na mara nyingi ameshazitumia, kabla hajamwuliza mtu wa mifugo.

"Nikimwondoa mbabe watatulia"

Dhana hii ndiyo inayoongoza, na ndiyo inayowagharimu wafugaji kuku wao bora. Mfugaji hukaa uani jioni moja, akamwona kuku mmoja, kwa kawaida mwenye upanga wa kichwani mkubwa kuliko wenzake, akiwafukuza wengine kwenye chombo cha chakula, akatoa hukumu papo hapo. Jumapili kuku huyo huwa mchuzi. Baada ya siku chache napigiwa tena: "Daktari, yule mkorofi tulishamla, lakini amezuka mwingine, na huyu ni mbaya zaidi." Wapo wanaomchinja na huyo wa pili, kisha wakashangaa kumpata wa tatu.

Kosa la hoja hii ni kudhani kwamba ubabe ni tabia ya kuku mmoja, ilhali ni uhusiano unaowekwa kati ya kuku wawili wawili. Anayemdonoa mwenzake anafanya hivyo kwa sababu waliwahi kupambana, mmoja akashinda, na wote wawili wanakumbuka. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kuwachunguza kuku tangu utotoni, alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwamba katika kundi dogo kila kuku anamjua anayeruhusiwa kumdonoa na asiyethubutu kumgusa, na akaonyesha pia kwamba mpangilio huo haunyooki kila mara: wa kwanza aweza kumtawala wa pili, wa pili akamtawala wa tatu, na wa tatu huyohuyo akamtawala wa kwanza. Kundi la kuku 12 tu lina jozi 66 za namna hiyo. Ukimwondoa mmoja umefuta jozi 11. Zilizobaki 55 ziko palepale, na zile ambazo bado hazijaamuliwa, ambazo kwa kuku wa wiki 8 huwa nyingi, zitaendelea kuamuliwa mbele ya macho yako hata kama umechinja nusu ya banda.

Isitoshe, mpangilio ukishakaa hupunguza mapigano badala ya kuyaongeza. Mwaka 1944 watafiti A. M. Guhl na W. C. Allee wa Marekani walilinganisha makundi ya kuku yaliyoachwa na mpangilio wao na makundi ambayo kuku wake walikuwa wakibadilishwa mara kwa mara. Waliokuwa wakibadilishwa walidonoana zaidi, wakala kidogo na kutaga mayai machache. Mfugaji anayeondoa mmoja leo na kuongeza wawili kesho anaandaa kundi la namna hiyo nyumbani kwake, kisha analalamika kwamba mbegu aliyouziwa ni ya kuku wakali.

Ningeomba kila mfugaji atazame pambano moja kwa makini kabla ya kushika kisu. Mitetea wawili husimama wakitazamana, vichwa vikiwa usawa mmoja na manyoya ya shingo yametanuka. Huruka kwa pamoja, huenda mmoja akamdonoa mwenzake kwenye upanga mara moja au mbili, kisha mmoja huinamisha kichwa, hugeuka pembeni na kuondoka. Yote hayo huchukua sekunde chache. Siku zinazofuata aliyeshindwa hutazamwa tu, naye hupisha. Hakuna damu ya kutiririka, hakuna kufukuzana banda zima, na baada ya dakika moja wote wawili wanachakura maranda yaleyale. Kuingilia pambano la namna hii kwa fimbo au kwa kumwagia maji ni kulirefusha, kwa sababu halikupata mshindi na italazimu lirudiwe.

Palipo na tatizo la kweli, mara nyingi mfugaji ndiye aliyempa mbabe kitu cha kulinda. Nikifika uani, jambo la kwanza kulitafuta ni chombo cha chakula, na mara nyingi hukikuta kimoja, tena kimewekwa kwenye kona, ambako kuku mmoja aweza kusimama na kuwazuia wote. Weka vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, uvitenganishe kiasi kwamba anayesimama kwenye kimoja hakioni kingine vizuri. Hata kuku mwenye nguvu kuliko wote hawezi kulinda sehemu mbili kwa wakati mmoja. Chombo cha mviringo kilichowekwa katikati ya banda hufaa kuliko cha kona. Ongeza fito za kulalia za kutosha kila mmoja, na egemeza ubao au karatasi ya bati ukutani ili aliyefukuzwa apate pa kujificha asionekane na anayemfukuza. Banda lisilo na kizuizi chochote humlazimisha aliyeshindwa kubaki machoni pa mshindi mchana kutwa, na kwa kuku kuonekana tu hutosha kuwa uchokozi.

Kisha kuna kipimo ambacho sichoki kukisisitiza, kwa sababu hakigharimu senti moja: ushike magole yao, yaani mifuko ya chakula iliyo chini ya shingo, jioni, wakishapanda kulala. Gole la kuku aliyekula huwa limejaa, laweza kufikia ukubwa wa limau, na hubonyea taratibu ukilibana. Ukikuta kuku ambaye gole lake ni tupu jioni mbili mfululizo wakati wenzake wameshiba, huyo amezuiwa chakula au ni mgonjwa, na kwa vyovyote anahitaji kushughulikiwa. Wafugaji huniambia kwa uhakika kwamba fulani ananyimwa chakula, lakini nikiuliza kama wameshika gole, kimya.

Zipo nyakati chache ambapo kuku mmoja hupita kiasi, akamfuata mwenzake hadi mafichoni na kumchubua. Hapo namtoa mchokozi, wala simchinji. Akikaa siku chache kwenye tundu asikowaona wenzake, kisha akarudishwa, hulazimika kujitafutia nafasi upya, na mara nyingi hurudi na makali yaliyopungua. Watu wengi hufanya kinyume: humtoa aliyeumia, humtunza jikoni wiki tatu hadi anone, kisha humrudisha kwa furaha na kushuhudia akishambuliwa na banda zima. Kuku humtambua mwenzake zaidi kwa kichwa chake, yaani upanga, ndevu na umbo la uso, na baada ya wiki mbili au tatu za kutoonana wengi wao hawakumbuki tena walichokubaliana. Kidonda kikilazimu majeruhi atengwe, mtenge ndani ya banda lilelile nyuma ya wavu, waendelee kumwona.

"Kudonoana kote ni ubabe, waache wataelewana"

Hii ni hatari kwa upande wa pili, maana huchukua ukweli wa ugomvi wa kawaida na kuubandika kwenye jambo lingine kabisa. Tazama panapodonolewa. Ubabe huelekea kichwani na kwenye upanga. Kuku anapong'oa manyoya ya mkia, ya mgongo au ya karibu na njia ya haja, wakati mwingine akiyameza, hagombei cheo na yeyote. Huko ni kuchakura kulikokosa mahali pake, na halitaisha kwa kuelewana. Damu ikishatoka wengine huvutwa na wekundu wake, na kuku mmoja aweza kuliwa akiwa hai kwa muda mfupi. Hapo hakuna kusubiri: mtoe aliyejeruhiwa mara moja, osha kidonda kwa maji safi yenye chumvi kidogo, na ukipulize dawa ya rangi ya bluu inayouzwa kwenye maduka ya mifugo, ambayo pamoja na kuzuia vijidudu huuficha wekundu.

Sababu zake hutafutwa kwenye banda na kwenye chakula. Msongamano, joto, taa kali inayowaka usiku kucha, sakafu tupu isiyo na kitu cha kuchakura, utitiri na chawa, na juu ya yote chakula chenye protini hafifu. Manyoya yenyewe ni protini, na hudai asidi amino (vijenzi vya protini) zenye salfa, hasa methionini, katika miezi hiyohiyo ambayo wafugaji wengi huona chakula cha kukuzia ni ghali na kuhamia pumba tupu ya mahindi. Ongeza mashudu ya alizeti na dagaa, tandaza maranda makavu, kisha ning'iniza fungu la mchicha au majani ya kabichi kwa kamba, usawa wa juu kidogo ya vichwa vyao, wawe na cha kudonoa siku nzima.

"Wape chumvi"

Dhana hii ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana inaua. Ni kweli kwamba kuku waliokosa chumvi hudonoana zaidi. Lakini kiasi kinachohitajika ni kama gramu 300 hadi 500 kwa kilo 100 za chakula, zikiwa zimechanganywa vizuri, na chakula cha kununua tayari kinayo. Ukiwa umeweka dagaa wa chumvi, huenda hata kiasi hicho kimeshapita. Kumwaga kiganja cha chumvi kwenye ndoo ya maji ya vifaranga ni kuwapa sumu, na wataharisha, wataishiwa nguvu na kufa wakiwa wamevimba maji tumboni huku mwenyewe akidai ni ugonjwa wa kideri.

"Paka pilipili kwenye manyoya"

Ndege hawahisi ukali wa pilipili. Kipokezi cha mwilini kinachotufanya binadamu tuungue hakiitikii ukali huo kwa ndege, na ndiyo sababu wao hula pilipili kichaa mbichi na kueneza mbegu zake bila taabu. Atakayeungua ni wewe utakapojisugua jicho.

"Wanaopigana ni mapora, mitetea haipigani"

Mitetea hupigana. Kurukiana kifua kwa kifua hufanywa na jinsia zote mbili tangu wakiwa na wiki chache, na nimeona watu wakiuza mitetea yao hodari kwa bei ya nyama kwa kuamini ni majogoo. Subiri upanga uwe mwekundu na manyoya marefu yenye ncha yachomoze mgongoni karibu na mkia, ndipo uhesabu mapora, yaani majogoo wachanga. Wakishazidi mmoja kwa kila mitetea 8 hadi 10, hao wa ziada unaweza kuwauza au kuwala kwa amani, kwa sababu watakaoumia ni mitetea.

"Kata midomo yao"

Kwa banda la biashara lenye maelfu ya kuku wa mayai kazi hii hufanywa na mtu aliyefunzwa, kwa kifaa maalumu, vifaranga wakiwa na siku chache. Kwa kuku 15 wa nyumbani, wenye miezi miwili, kwa mkasi au kisu kilichopashwa kwenye jiko la mkaa, ni ukatili usio na faida. Mdomo wa kuku una mishipa ya fahamu, na ndicho chombo chake cha kulia, kuchakuria na kujitolea chawa. Aliyekatwa mdomo bado atagombea cheo, kwa kuwa cheo hakikai mdomoni.

"Waingize wageni usiku, asubuhi hawatawatambua"

Watawatambua, kunapokucha tu. Faida ya usiku ni kwamba pambano linaahirishwa hadi alfajiri, wakati ambapo mfugaji bado amelala na hakuna wa kuliona. Ukitaka kuongeza kuku, kwanza watenge mbali na banda kwa wiki mbili hadi nne, kwa ajili ya magonjwa zaidi kuliko ugomvi. Hilo la kideri na ndui ya kuku ndilo litakalokumalizia kundi, wala si madonoo. Kisha waweke nyuma ya wavu kwa wiki moja au zaidi, wawe wanaonana na kula karibukaribu pasipo kugusana. Ukifungua wavu, fungua mchana, siku utakayokuwa nyumbani, kukiwa na chakula kimetawanywa chini mahali pengi. Usimwingize mmoja peke yake. Watatu wanaofahamiana hugawana kipigo ambacho mmoja angekibeba chote.

Na usiwachanganye wa wiki 6 na kuku wanaotaga kwa kuwa tu banda ni moja. Mbali na kwamba watapigwa na wasiowafikia hata nusu ya uzito, chakula cha kutagia kina kalisi (kalsiamu) ya asilimia 3.5 hadi 4, wakati kuku anayekua anahitaji takriban asilimia 1, na ziada hiyo ikiendelea kwa wiki nyingi huharibu figo zake. Kama ni lazima wakae pamoja, wape wote chakula cha kukuzia, na uwawekee wanaotaga maganda ya konokono wa baharini au chokaa ya mifugo kwenye chombo chao pembeni. Wanaotaga wataiendea wenyewe, na wachanga kwa kawaida hawatajishughulisha nayo.