Umesingiziwa mtaani? Anza kwa Sheha

"Fedha za upatu kazila yeye." Sauti ya sekunde 20 kwenye grupu la WhatsApp, na kufika alaasiri nusu ya mji wetu wa Wete, Pemba, imeshaisikia.

Aliyesingiziwa akija kwetu wasaidizi wa sheria huwa keshaamua: ama ashitaki, ama akusanye wenzake wakamsute aliyesema. Kusuta kuna raha yake, sikatai. Lakini yatakayotamkwa pale mlangoni yanaweza kuwa kashfa ya pili, na hii itakuwa yako. Halbadiri, ile dua ya kumwapiza mbaya wako, nawaachia masheikh.

Kesi ya madai inataka wakili, mashahidi na nauli za tarehe zinazoahirishwa. Gharama huushinda upatu wenyewe. Mahakama ya Kadhi nayo si mlango wake, ile ni ya ndoa, talaka, mirathi na wakfu.

Nenda kwa Sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, yaani mtaa au kijiji chako hapa Zanzibar. Kusuluhisha migogoro ya kijamii na kifamilia katika shehia yake ni kazi aliyopewa kisheria, akisaidiwa na wazee. Hahukumu, anapatanisha. Ihifadhi ile sauti kama ilivyo, usimrushie mtu mwengine, na andika nani waliisikia. Jiulize pia: umezuliwa jambo, au umetukanwa tu kwa hasira? Na kama fedha kweli hujazitoa, zitoe kwanza.

Suluhu nyingi huharibika kwa samahani ya chumbani. Mnapeana mikono, soda zinanywewa, na wale wa kwenye grupu bado wanakujua mwizi. Neno likanushwe pale pale lilipotoka. Iandikwe karatasi: nani alisema nini, atakanusha wapi na lini. Wote watie saini au dole gumba, mashahidi pia, kila mmoja abaki na nakala. Kanusho liwe fupi: "Nilisema fulani kala fedha za upatu. Si kweli, hesabu tumeiona. Namtaka radhi." Asiongeze "kama nimemkosea", hiyo "kama" inarudisha tuhuma nyuma.

Akikataa, mtafute msaidizi wa sheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Zanzibar, Na. 13 ya 2018, imewekwa kwa ajili ya wasio na uwezo wa kulipa, na barua moja ya kutaka kanusho mara nyingi hutosha.

Ila ukitishiwa maisha, au zikisambazwa picha zako za faragha, usikae barazani na mtu. Nenda polisi siku hiyo hiyo, na simu yako mkononi.