Dawa si feki: kwa nini kiungulia hurudi kwa kishindo ukiacha omeprazoli ghafla

Malalamiko yanayofika kwenye madirisha ya dawa hapa Tanga siku hizi yana sura moja. Mtu amemeza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, miezi mitatu, akaacha, na baada ya siku chache kifua kinawaka kuliko alipoanza. Hapo husema dawa ilikuwa feki, au vidonda "vimeshakuwa sugu". Dawa feki zipo, na namna ya kuziripoti imeelezwa hapa chini. Lakini mara nyingi anayesababisha moto huo ni homoni ya mwili wenyewe, gastrini.

Mfuko wa chakula hutoa takriban lita 2 za majimaji kwa siku, na hauyatoi ovyo. Amri ya kwanza hutoka kichwani: harufu ya tui linalochemka jikoni inatosha kuufanya ubongo, kupitia neva ya vagasi, uanzishe karibu theluthi moja ya asidi ya mlo huo. Chakula kikishafika, hasa chenye protini kama samaki au maharage, seli zilizo karibu na mlango wa kutokea humwaga gastrini kwenye damu. Gastrini huzunguka na damu, hurudi kwenye mfuko uleule na kuziamsha seli zinazotoa histamini. Histamini nayo huzigusa seli zenye pampu za asidi. Breki pia ipo. Asidi ikiwa kali vya kutosha, pH ikishuka chini ya takriban 3, seli nyingine hutoa somatostatini, na gastrini hunyamaza.

Hapa ndipo ushauri wa "kunywa maziwa yazime asidi" unapoanguka. Maziwa hupoza kwa dakika chache, kisha protini na kalisi yake huita gastrini, na asidi hutoka upya. Tanga ni mji wa maziwa na hakuna anayekukataza kuyanywa. Yanywe kama chakula.

Omeprazoli haiondoi asidi iliyokwisha kutoka. Hufunga pampu, tena zile tu zilizo kazini, na pampu huingia kazini unapokula. Dawa yenyewe hukaa kwenye damu kwa saa chache tu. Ukiimeza usiku baada ya kula, au saa nne asubuhi wakati vitumbua vimeshaliwa, imekukosa. Meza dakika 30 hadi 60 kabla ya mlo wa kwanza, kwa maji, na kapsuli isifunguliwe chembe zake zikatafunwa: zimepakwa ganda ili asidi isiziharibu kabla hazijafika kwenye utumbo. Kwa aliyefunga Ramadhani, njia nyepesi ni kuimeza kwa maji adhana ya Magharibi inapolia, kuswali, kisha kukaa kwenye futari nusu saa baadaye. Nguvu yake kamili huonekana baada ya siku tatu hadi tano. Anayemeza leo kwa sababu leo kunawaka, kesho akaacha, hajaitumia dawa hiyo.

Sasa turudi kwenye breki. Asidi ikizimwa wiki nyingi, somatostatini haiitwi tena. Gastrini inapanda na kubaki juu, na seli za histamini zinaongezeka. Siku unapoacha ghafla, pampu mpya zinakuta amri nyingi zinazisubiri. Hata watu wazima wasio na ugonjwa wowote wa tumbo, wakimeza dawa hizi kila siku kwa wiki 8 na kuacha, wengine wao hupata kiungulia ambacho hawakuwa nacho. Hali hiyo huchukua wiki kadhaa kutulia. Anayerudi dukani kununua tena anauanza mzunguko upya, na ndiyo maana wapo wanaomeza mwaka wa tatu bila kipimo hata kimoja.

Kuacha kunapangwa na daktari: kwa kawaida dozi hupunguzwa nusu, kisha humezwa siku moja na kuachwa siku moja, kwa wiki mbili hadi nne, na dawa ya kutafuna ya kupoza asidi huwekwa akiba kwa siku mbaya. Wapo wasiotakiwa kuacha kabisa, kwa mfano aliyewahi kutoka damu kwenye kidonda, au anayelazimika kumeza aspirini au dawa ya maumivu ya diklofenaki kwa muda mrefu. Diklofenaki huzuia utengenezaji wa ute unaoulinda ukuta wa mfuko wa chakula. Ukiimeza kila jioni kwa ajili ya mgongo, usishangae tumbo likiuma.

Vidonda vingi husababishwa na bakteria Helicobacter pylori, na kipimo chake kina masharti yanayopuuzwa kila siku. Omeprazoli na jamaa zake ziachwe wiki 2 kabla, kwa idhini ya daktari, na antibiotiki wiki 4, la sivyo kipimo cha choo kinaweza kusema huna kumbe unao. Chombo kiwe kikavu na safi, choo kisichanganyike na mkojo, na kifike maabara siku hiyohiyo. Kipimo cha damu cha kingamwili hakifai kuthibitisha kupona, kwa sababu kingamwili hubaki miezi au hata miaka baada ya bakteria kufa. Tumeshalisema hili mara nyingi. Dozi ya matibabu kwa kawaida ni siku 14 kamili, haigawanywi na mke wala jirani, na kipimo cha kuhakiki hufanywa si chini ya wiki 4 baada ya kuimaliza.

Ukishuku dawa ni feki, usiitupe. Hifadhi boksi, karatasi ya ndani, vidonge vilivyobaki na risiti. Andika namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi, kisha wasilisha kwa mfamasia wa halmashauri au TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Bila namba ya toleo hakuna pa kuanzia. Wenye maduka nao wakumbuke kwamba antibiotiki za cheti hazitolewi kwa maelezo ya mdomo. Duka linaloendeshwa kinyume cha Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 linaweza kufungwa na mhusika kushtakiwa, na kusema "mteja aliomba mwenyewe" hakusaidii.

La mwisho ni nyongo, maana kila tumbo likiuma watu husema "nyongo imezidi". Ini hutengeneza nyongo kila siku, hadi kufikia lita moja, na kifuko chake huhifadhi mililita 30 hadi 50 tu. Mafuta yakiingia mwanzo wa utumbo mwembamba, homoni ya kolesistokinini hukikamua kifuko, huamuru kongosho itoe vimeng'enya, na hupunguza kasi ya mfuko wa chakula. Pilau kukaa tumboni saa nyingi ni kazi yake. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya mlo wa mafuta, yakipanda hadi begani, huenda ni mawe, na omeprazoli haiyaondoi.

Ultrasaundi ya kifuko cha nyongo hufanywa ukiwa hujala saa 6 hadi 8. Chai ya maziwa ni chakula. Ukiinywa, homoni hiyohiyo inakikamua kifuko, kinasinyaa, mawe hayaonekani vizuri, na unapangiwa siku nyingine. Mgonjwa wa kisukari aseme mapema ili apimwe wa kwanza.

Choo cheusi chenye kunata kama lami, kutapika damu, kushindwa kumeza, kukonda bila sababu: usianzie dukani. Mtoto mchanga anayetapika kijani apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.