Je, wajua kwa nini mgonjwa wa saratani ya koo hukonda katikati ya tiba ya mionzi?

Mionzi yenyewe haiumi. Mgonjwa analala, mashine inamzunguka dakika chache, anainuka na kurudi nyumbani. Wiki mbili za mwanzo huenda akala vizuri tu. Ikifika ya tatu shati linaanza kumpwaya, na ndugu wanasema mionzi inamkausha.

Kinachotokea hasa ni kwamba njia ya chakula imejeruhiwa. Mionzi huziathiri zaidi seli zinazogawanyika kwa kasi, ndiyo maana inafaa dhidi ya saratani. Bahati mbaya utando laini wa mdomo na koo nao hujijenga upya kila baada ya wiki moja au mbili. Seli za zamani zikishachakaa na mpya hazijaja, hubaki vidonda. Wiki zile mbili za utulivu ni akiba ya seli za zamani ikimalizika.

Ladha nayo hupotea. Nyama na karatasi vikawa kitu kimoja mdomoni. Tezi za mate, hasa zile kubwa mbili zilizo mbele ya masikio, hupunguza kazi. Mtu mzima hutoa mate karibu lita moja kwa siku. Yakipungua na kuwa mazito, tonge la ugali haliteremki hata kwa mchuzi. Aliyeandikiwa pia sisplatini, dawa ya kuua seli za saratani, ana kichefuchefu juu ya hayo yote.

Sasa tupige hesabu. Mgonjwa huyu huhitaji takribani kilokalori 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji 1,800, pamoja na protini gramu 72 hadi 90. Nyumbani anapelekewa kikombe cha uji mwepesi, "maana ndio unapita". Unapita kweli, lakini sehemu kubwa ni maji. Uji huohuo ukipikwa kwa maziwa na karanga za kusaga, kisha ukatiwa kijiko kikubwa cha mafuta, hicho kijiko peke yake kimeongeza kilokalori kama 120. Mtori uliosagwa, parachichi lililopigwa na maziwa, mayai laini na tui la nazi vyote vinasaidia. Pilipili, ndimu na vitu vya moto sana viwekwe kando. Dawa ya maumivu aliyoandikiwa, akiinywa kama nusu saa kabla ya kula, humpa nafasi ya kumeza.

Wapo wanaomnyima mgonjwa sukari, nyama na maziwa ili saratani ife njaa. Hapo anayekufa njaa ni mgonjwa. Mwili uliokosa chakula huvunja misuli yake, ikiwemo ile ya kumezea. Mwenye kisukari apangiwe na daktari wake, lakini naye lazima ale.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kukonda huvuruga hata tiba yenyewe. Kabla ya kuanza, bamba la plastiki lenye matundu huloweshwa kwenye maji ya moto likalainika, likatandazwa usoni na mabegani mwa mgonjwa, likapoa na kushika umbo lake. Barakoa hiyo hufungwa mezani kila siku ili kichwa kisisogee, maana mionzi imepimwa kwa milimita. Mashavu na shingo vikinywea, barakoa inacheza. Mionzi inaweza kukosa sehemu ya uvimbe, au kuangukia uti wa mgongo na tezi zilizokuwa zimekwepwa. Itabidi apigwe picha upya, pengine atengenezewe barakoa nyingine. Mpango wa kawaida ni vipindi 35, siku tano kwa wiki, kwa wiki saba. Ukikatikatika, seli za saratani hupata muda wa kuongezeka. Kwa hiyo mzani wa kila wiki si urasimu wa wauguzi. Aliyepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya mwezi mmoja anahitaji mtaalamu wa lishe mara moja.

Ikishindikana kula vya kutosha, huwekewa mpira wa kulishia, wa puani au wa tumboni. Familia nyingi huuogopa, zikidhani ndio mwisho. Kwa wengi ni wa muda tu. Kosa ni kuacha kabisa kumeza kwa kuwa mpira upo: misuli ya koo isiyotumika hukakamaa. Kama daktari hajamkataza kwa hofu ya kupaliwa, aendelee na mafunda ya maji na vijiko vya mtindi kila siku, hata baada ya kipindi cha mwisho, kwa sababu vidonda huweza kuzidi kwa wiki moja au mbili zaidi kabla ya kuanza kupona.