Data za duka moja zisisomwe na duka jingine

Kurasa za usalama za huduma nyingi za mtandaoni huanza na usimbaji fiche, yaani kuzigeuza data zisisomeke bila ufunguo: AES-256 kwenye diski, TLS njiani. Vyote ni vya lazima. Lakini usimbaji wa diski unakukinga na mwizi wa diski tu. Programu ikishawaka inasoma data zikiwa wazi, na ikiuliza vibaya itamkabidhi mwenye duka la Kariakoo mauzo ya duka la Mwanza bila kufuli lolote kuvunjwa. OWASP, shirika la usalama wa programu, katika orodha yao ya 2021 ya hatari kumi kubwa za programu za wavuti, waliupandisha udhaifu wa kutodhibiti nani aone nini kutoka nafasi ya 5 hadi ya 1, na naona walifanya sawa.

Chukua programu ya ankara inayotumiwa na maduka mengi. Kwa kawaida maduka yote yamo kwenye hifadhidata moja, jedwali moja, na kila mstari una duka_id, yaani namba ya duka lake. Mteja anafungua /ankara/4071. Kama aliyeandika programu anatafuta ankara kwa namba tu na kasahau sharti la duka, mteja huyo akiandika 4072 anaona ankara ya jirani. Hakuna nenosiri lililoibwa. Kumbukumbu za seva zinaonyesha mteja halali aliyepata jibu 200 (sawa), kwa hiyo hakuna kengele inayolia.

Wengi hukimbilia kubadilisha namba hizo ziwe UUID, vitambulisho virefu vya kubahatisha. Hiyo inazuia mtu kukisia namba ya jirani, basi. Kiungo kikitumwa kwenye kundi la WhatsApp, yeyote mwenye akaunti anaingia.

Ninachokiamini ni kuliweka sharti la duka ndani ya hifadhidata yenyewe, lisitegemee kumbukumbu ya mtu. PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, tangu toleo la 9.5, la 2016, ina ulinzi wa kila mstari, ROW LEVEL SECURITY. Unauwasha kwenye jedwali, kisha unaandika sera: mstari uonekane pale tu duka_id yake inapolingana na duka lililotajwa kwenye muunganisho. Duka lisipotajwa, mistari iwe sifuri. Hapo aliyesahau sharti atapata data za duka lake tu, au asipate kitu.

Penye makosa ni hapa. Mwenye jedwali hafungwi na sera hadi uandike FORCE ROW LEVEL SECURITY, na superuser, mtumiaji mwenye mamlaka yote, hafungwi kamwe. Programu ikiingia kwa jina lilelile lililounda majedwali, sera ipo lakini haifanyi kazi, na majaribio yanayoendeshwa kwa superuser hayatakuambia lolote. Ipe programu jina lake la kuingilia, lisilomiliki jedwali hata moja.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuliona. Miunganisho ya hifadhidata hutumiwa tena na tena na maombi tofauti. Ukitaja duka kwa amri ya SET, jina linabaki kwenye muunganisho hata ombi likiisha. Ombi la duka B likiupokea muunganisho huo na njia hiyo ya programu isitaje duka upya, linasoma data za A. Kwenye kompyuta ya msanidi, yenye mtumiaji mmoja, hutaliona. Linajitokeza siku wateja wakiwa wengi. Tumia SET LOCAL ndani ya muamala (kundi la amri zinazokamilika pamoja), ambayo hufutika muamala unapoisha.

Tena, sera hiyo haifiki nje ya PostgreSQL. Redis, hifadhi ya muda ya majibu ya haraka, yenye ufunguo "ripoti:leo" bila namba ya duka itamgawia kila mtu ripoti ya aliyetangulia. Faili za PDF zenye viungo vya wazi ni hivyohivyo. Zipe viungo vinavyokwisha muda baada ya dakika chache.

Kupima si kazi kubwa. Unda duka A na duka B, jaza data, ingia kama A, kisha pita kwenye kila njia ya programu ukitumia namba za B: kusoma, kubadilisha, kufuta, kupakua. Kila jibu liwe 404 (haipo). Sipendi 403 (huruhusiwi) hapa, kwa sababu inathibitisha kwamba ankara hiyo ipo. Jaribio hili liendeshwe kila msimbo unapobadilika, na njia mpya isiyokuwemo kwenye jaribio ikataliwe.

Data zikivuja, saa zinahesabiwa. Sheria ya Kenya ya 2019 ya ulinzi wa data inampa mdhibiti wa data, hapa mwenye duka, saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data penye hatari halisi ya madhara, na anayezichakata kwa niaba yake, yaani wewe mwenye programu, inamtaka amwarifu mdhibiti huyo ndani ya saa 48 pale inapowezekana. Swali la kwanza litakuwa: nani alisoma nini? Kwa hiyo rekodi usomaji pia, si mabadiliko tu: saa, mtumiaji, duka lake, namba ya rekodi na duka linaloimiliki. Yaliyomo kwenye ankara yasiandikwe humo. Na programu iwe na ruhusa ya kuongeza mistari kwenye rekodi hizo, isiwe na ya kuifuta.