Je, wajua kwa nini Kigoma Ujiji ina meya na Kasulu ina mwenyekiti?

Mkoa wa Kigoma una halmashauri 8, lakini meya ni mmoja tu, wa Manispaa ya Kigoma Ujiji. Kasulu Mji, Kibondo, Uvinza na nyinginezo zina wenyeviti. Wengi huamini meya ni mkubwa zaidi: ana amri ambayo mwenyekiti hana, tena kachaguliwa na mji mzima.

Sivyo. Jina la meya halimo kwenye karatasi ya kura ya mwananchi. Mkazi wa Gungu au Mwanga humpigia kura diwani wa kata yake. Baraza jipya likikutana, hupiga kura na kumpata meya miongoni mwa madiwani. Kasulu nao hufanya vivyo hivyo kumpata mwenyekiti. Kazi kubwa ya wote wawili ni kuongoza vikao vya baraza. Watendaji wako chini ya mkurugenzi, naye huteuliwa na Rais. Mtaro ukiziba sokoni, meya anaweza kulisimamia jambo hilo kikaoni kwa nguvu zote, lakini anayemtuma mhandisi ni mkurugenzi. Mwananchi asiyelijua hili hupeleka kilio chake mlango usio wake, na hilo linaumiza.

Tofauti ya majina inatoka wapi basi? Tazama shule zetu. Anayeongoza ya msingi huitwa mwalimu mkuu, wa sekondari mkuu wa shule. Ukimhamisha mtu, cheo hakimfuati; kinabaki na shule. Halmashauri nazo ndivyo zilivyo: kwa sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, wilaya na mji zina mwenyekiti, manispaa na jiji zina meya. Siku Kasulu ikipandishwa kuwa manispaa, kiongozi wake ataitwa meya.

Ujiji ina historia nzuri na cheo hiki. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa hapo, mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam.

Bunge likitaka kuwaita wenyeviti wote mameya, linaweza kurekebisha sheria hizo, na mihuri na vibao vya ofisi vikabadilishwa. Wananchi wakitaka kumchagua meya wao moja kwa moja, hayo ni marekebisho mengine kabisa: yatahusu vifungu vya uchaguzi, na kwa maoni yangu ndivyo vinavyostahili mjadala mrefu.