Kontroo boksi si giaboksi

Jumamosi, gereji moja hapa Kizota, Dodoma, nimelisikia tena: "Boksi limekufa, mzee, tukatafute lingine." Mwenye gari akashika kichwa, maana giaboksi ya mtumba ni bei ya ng'ombe kadhaa. Kumbe fundi alimaanisha kontroo boksi. Ni mara ya tatu mwezi huu, acha niseme.

Kontroo boksi ya gia ni kompyuta ndogo ya gari la otomatiki. Inasoma mwendo, mzunguko wa injini na mguu wako kwenye pedeli ya mafuta, kisha inaamuru solenoidi, yaani vali ndogo za umeme, zifungue au zifunge njia za oili ili gia ibadilike. Basi. Giaboksi ni chuma: meno, klachi, oili.

Vurugu imeanzia kwenye "boksi". Tuliyapokea maneno haya mazima, giaboksi na kontroo boksi, midomo ya haraka ikayakata vichwa, yakabaki mapacha. Lakini utamu uko kwenye "kontroo". Kiingereza kilililokota kwa Wafaransa wa kale, na kwao lilikuwa daftari la pili, nakala ya hesabu iliyowekwa pembeni ya kukagulia la kwanza. Nenda soko la mahindi Kibaigwa utamwona mtu huyo wa daftari. Habebi gunia hata moja, jasho lote ni la makuli, lakini lori haliondoki mpaka yeye aseme. Sasa akikosea hesabu, utafukuza makuli?

Kiswahili chetu kina "kidhibiti", kutoka dhibiti, neno la Kiarabu lenye maana ya kushika barabara. (Wanaoandika "kithibiti" wamehamia kwa thabiti, ukoo mwingine kabisa.)

Tofauti ya maboksi haya mawili inaonekana zaidi wakati wa kuyatoa. Giaboksi inataka jeki, kumwaga oili na siku nzima chini ya gari. Kontroo boksi iliyofungwa peke yake mara nyingi inataka spana namba 10 na utulivu. Zima gari, chomoa ufunguo, fungua waya wa hasi wa betri kwanza. Ukianza na chanya spana ikagusa bodi, utaona cheche. Subiri dakika kadhaa umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kitupu cha gari kabla ya kushika kompyuta, kwa sababu mwili hubeba umeme tuli, na kwa ukavu wa Dodoma wakati wa kiangazi hilo si mzaha. Bonyeza kifungio cha soketi, vuta soketi yenyewe, nyaya ziache. Wakati wa kurudisha, hasi inafungwa mwisho. Na ukinunua nyingine, gari nyingi hazitaikubali mpaka iandikwe programu yake.

Nikiri kwamba magari hayafanani. Toyota nyingi zimeunganisha kompyuta ya gia na ya injini kwenye kasha moja, na ziko gari ambazo kompyuta imo ndani ya giaboksi, imezama kwenye oili. Hapo fundi akichanganya maneno namsamehe nusu.

Kwingineko, ukiambiwa boksi limekufa, usipandishe sauti. Muulize tu fundi wako: lipi, la meno au la nyaya?