Je, wajua? Kimondo cha Peramiho kilitoka asteroidi Vesta, na kuna njia ya kulijua hilo

Wiki iliyopita umeme ulikatika huku kwetu Tabata tangu saa moja jioni, tukapandisha mkeka juu ya paa kutafuta upepo. Nikawa namsimulia mpwa wangu wa darasa la sita kwamba mwaka 1899 kimondo kilianguka Peramiho, Ruvuma, kijiwe kisichofika hata robo kilo, na kwamba wanasayansi wanasema kilimeguka kutoka asteroidi, yaani jiwe kubwa linalozunguka jua, iitwayo Vesta. Akanikatiza: "Mjomba, wamejuaje? Kilikuwa kimeandikwa jina?"

Swali hilo linastahili jibu refu kuliko nililompa usiku ule.

Vesta huzunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii, kwenye ukanda wa asteroidi. Upana wake ni kilomita 525 hivi, kama mwendo wa basi kutoka Dar hadi Iringa na kidogo mbele. Iligunduliwa tarehe 29 Machi 1807 na Heinrich Olbers, daktari wa mji wa Bremen, Ujerumani, ambaye usiku alitazama mbingu kutoka ghorofa ya juu ya nyumba yake. Asteroidi tatu zilikwisha kupatikana: Ceres, Pallas na Juno, na Pallas aliipata yeye mwenyewe mwaka 1802. Aliamini ni vipande vya sayari moja iliyovunjika, kwa hiyo vingine lazima vipite sehemu zilezile za anga. Sayari hiyo haikuwahi kuwepo. Lakini wazo hilo ndilo lililomrudisha kwenye darubini miaka yote ile, na subira yake naiheshimu sana.

Turudi kwenye jiwe. Vimondo vya aina ya kile cha Peramiho huitwa yukraiti. Nje vina gamba jeusi linalong'aa kama lami mpya, lililoungua vikipita hewani. Ndani ni kijivu kilichofifia, kama tofali la saruji lililopasuka. Ni lava iliyoganda. Ungeweza kudhani imetoka kwenye volkeno zetu za kaskazini, ila umri unakataa: iliganda yapata miaka bilioni 4.5 iliyopita. Hata uwiano wa aina za oksijeni zilizomo haulingani na wa mawe ya Dunia. Basi huko juu kuna mahali palipowahi kuyeyuka na kumwaga lava. Wapi?

Jibu lilikuja na mwanga. Kila madini humeza rangi fulani za mwanga wa jua na kurudisha nyingine. Mwaka 1970 Thomas McCord na wenzake walipima mwanga unaorudishwa na Vesta, rangi moja baada ya nyingine, wakakuta umepungua palepale unapopungua ule wa yukraiti zilizopimwa maabara.

Bado palikuwa na mwanya: kipande kiling'okaje? Miaka ya 1990 darubini ya angani ya Hubble ilionyesha shimo kubwa upande wa kusini wa Vesta. Chombo cha Dawn cha Marekani kilifika Julai 2011, kikaizunguka kwa zaidi ya mwaka na kulipima shimo hilo, Rheasilvia: upana kama kilomita 500, karibu sawa na Vesta yenyewe! Katikati yake umesimama mlima wa zaidi ya kilomita 20. Panga Kilimanjaro tatu, moja juu ya nyingine, na bado hujafika kileleni.

Kishindo kilichochimba shimo hilo kilitawanya mawe mengi. Baadhi yaliangukia njia ambayo jiwe huzunguka jua mara tatu wakati Mshtarii anazunguka mara moja. Hapo Mshtarii hulivuta kwa mpigo uleule kila mara, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea ya Idi, hadi njia yake inarefuka na kukatiza ya Dunia.

Mpwa wangu sasa anataka kuiona. Kila baada ya miezi 16 au 17 Vesta huwa upande wa pili wa Dunia kutoka kwenye jua, na hapo ndipo hung'aa zaidi. Mjini taa zitaificha, ila ukivuka Kigamboni na kwenda mbali na nyumba, darubini ndogo ya mkononi inatosha. Tafuta kwanza iko kwenye kundi gani la nyota, kisha chora nukta zote unazoziona hapo. Rudi usiku wa tatu na karatasi ileile. Nukta iliyohama ndiyo Vesta.